Kaka Aliyeandikwa Tata

Mimi nina mdomo. Hilo halijifichi hapa Bujonde, na wanaonunua mchele kwangu wanalijua kuliko wengine. Ukichota mchele wangu kiganjani ukasema umechanganywa na wa mwaka juzi, utaondoka umesikia habari za ukoo wako ambazo hata shangazi zako hawakukuambia. Lakini mdomo huu sikujipa mwenyewe. Alinipa mama nikiwa mtoto wa miaka minne au mitano, kwa sababu alikuwa na mwana asiyeweza kumwita.

Nieleze vizuri, maana wageni hapa huchanganyikiwa. Kwetu mwanamke akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, wakikutana njiani anapisha na kuinama pembeni, na jina lake halitoki kinywani mwake, mzee awe hai au awe kaburini. Tunaita ukutila, kuogopa kwa heshima. Na si jina peke yake. Hata neno linalofanana na jina hukwepwa. Jina la babu yangu lilikaribiana na neno la Kinyakyusa la jembe, basi mama yangu maisha yake yote hajawahi kushika jembe. Amelima kwa "kile cha kulimia." Akija mtu kuazima, mama humwambia, "Kachukue kile cha kulimia, kiko nyuma ya mlango," na asiyejua desturi hutoka na panga.

Mama akajifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, na babu akafurahi mpaka akampa jina lake mwenyewe. Ilikuwa heshima kubwa, haikataliki. Ndivyo mama alivyopewa mwana na kunyimwa jina lake siku hiyohiyo. Akawa anamwita Tata, ambalo kwetu ni baba, kama mtu anavyomwita baba yake mzazi. Sisi wengine wote tulimwita kwa jina.

Shida ilikuwa kumwita kutoka mbali. Huwezi kusimama kando ya mbuga ya mpunga ukapaza sauti "Tata," watageuka wanaume kumi na wawili watakuja kula. Kwa hiyo chakula kikiiva mama alinigeukia mimi: "Kamwite mwenzio." Nilitoka mbio, nikapanda juu ya tuta, nikaita mara tatu. Ya kwanza fupi, ya pili ndefu kidogo, ya tatu naivuta mpaka pumzi inaisha. Kule mbali ungeona kichwa kinainuka katikati ya mpunga. Mama alikuwa akiacha kila alichokuwa anafanya na kusimama mlangoni mpaka nimalize. Nilidhani anasubiri kuona kama kaka ameitika.

Kaka yangu hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na baiskeli, na Jumamosi nyingine alifunga madebe ya mchele nyuma akaenda Lyulilo, kwenye gulio la ufukweni, ambako kina mama wa Kikisi hushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Alirudi jioni amefunga vyungu kwa kamba za mgomba, anasukuma baiskeli kwa miguu sehemu zote mbaya ili visigongane. Na kila mara katika vyungu vile kimoja kilikuwa kimepinda. Mama akimwuliza, "Tata, hiki hukukiona?" anajibu, "Nilikiona, juba. Vilivyonyooka vitapata wenyewe." Juba ni mama. Mpaka leo mbegu ya mpunga ya nyumba hii inakaa kwenye chungu chake kimoja, kimeegemea ukuta kama mlevi, na ole wako ukikisogeza.

Kisha akaingia jeshini. Alikuja likizo mara moja tu, na buti zake zilikaa sebuleni siku saba, babu akizionyesha kwa kila aliyepita. Vita vya Kagera vilipoanza alikuja tena kuaga, usiku mmoja tu, asubuhi akaondoka na wenzake kwenda kupanda lori barabarani. Alikuwa ameshafika mbali mama alipogundua kwamba kifurushi cha ndizi za kuchoma kimebaki juu ya kinu. Akanitazama. "Kamwite."

Nilikimbia mpaka tutani nikaita. Ya kwanza hakusikia. Ya pili alisimama. Ya tatu nadhani aliniachia tu nimalize, maana alikuwa ameshageuka anacheka. Akarudi njia yote ile na buti zake, akachukua kifurushi, akanivuta sikio kidogo, akasema, "Wewe mdomo huo utaolewa mbali, tusikusikie." Akaenda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwita.

Habari ilikuja mpunga ukiwa umeshavunwa. Mwili haukuja. Kulikuwa na karatasi, na miaka mingi baadaye mafuriko yalipoingia ndani ikaenda na maji pamoja na Biblia ya baba na vyeti vyetu vya ubatizo. Msiba ulijaa watu. Mama alilia "Tata, Tata," siku tatu, na nakumbuka mwanamke mmoja mgeni akimwuliza mwenzake kama kumbe aliyefariki ni baba yake huyu mama. Nilitaka kumng'ata.

Tangu siku hiyo nikaacha kuita. Hakuna aliyenikataza. Nikitaka kumsema nilisema "marehemu kaka," au "yule wa vitani," na watu wakanielewa. Babu akafa, baba akafa. Mimi nikaolewa Ipyana, nikajaribu kumwogopa baba mkwe kama mama alivyofanya, wiki ya pili nikateleza jina lake likanitoka mezani mbele ya wageni, mzee akacheka mpaka akapaliwa. Nikafiwa na mume, nikarudi Bujonde kumtunza mama. Tukaishi hivyo, wawili, na chungu kilichopinda.

Mwaka jana, kabla ya Siku ya Mashujaa, ofisi ya kata ikatangaza kwamba itajenga ubao wa saruji wenye majina ya watoto wa kata waliokufa vitani, na siku yenyewe majina yatasomwa mbele ya watu. Tangazo lilitolewa kanisani. Mama alinishika mkono palepale kwenye benchi. Tukiwa njiani kurudi akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema, kwamba kuna jambo moja tu analolitaka kabla Kyala, Mungu wetu, hajamchukua: kulisikia jina lile likitajwa mbele ya watu.

"Haya mama, utalisikia," nikasema.

"Wahini," akasema. "Sikio la kushoto limeshakufa. La kulia nalo linaaga."

Ana karibu miaka tisini. Macho yana ukungu, anatambua watu kwa hatua zao. Nikajiambia hili ni jambo dogo, kuandikisha jina tu, nani atashindwa.

Siku karani wa kata alipopita nyumba kwa nyumba mimi nilikuwa Ipyana na mchele wangu. Alikuwa binti wa watu kutoka Singida, mpole, ana miezi michache tu hapa. Mama alinisimulia baadaye walivyozungumza, anajivunia Kiswahili chake. Binti alimwamkia, akaketi, akauliza, "Bibi, marehemu aliitwa nani?"

"Tata," mama akajibu.

"Tata nani, bibi?"

"Tata tu."

Binti akaandika alichoambiwa.

Orodha ilipobandikwa nje ya ofisi nilikwenda kuisoma nikiwa na furaha yangu. Nikapita na kidole. Majina ya watu, ya pili na ya tatu yamekamilika, halafu mstari mmoja: Tata. Nikasimama pale. Kwa Kiswahili tata ni kinachoupata uzi ukichezewa na watoto, ni kinachozipata nyavu zikikunjwa na mvivu. Kaka yangu ameacha mifupa yake ugenini, na hapa nyumbani ameandikwa kama fundo. Ukutani pale niliongea maneno ambayo mchungaji hakuyasikia, namshukuru Mungu.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa anapeta mchele kwa kusikiliza, maana haoni tena chuya, anazisikia tu zikigonga ungo. Nikamwambia alichofanya. Mikono yake ikasimama.

"Hakuniuliza jina," akasema. "Kaniuliza namwitaje. Nimemwambia."

"Mama, ulipaswa kutaja jina lake."

"Nitajeje?"

"Kwa mdomo. Babu amekufa miaka na miaka. Ukilitaja, nani atakusikia?"

"Nitajisikia mimi," akasema, akaendelea kupeta.

Nikamwambia heshima si utumwa. Akaniambia ndiyo maana hajawahi kulazimishwa. Nikatoka nje nikaanika kakao kwa nguvu mpaka nyingine zikaruka nje ya mkeka.

Kesho yake nilikwenda ofisini peke yangu. Yule binti alinisikiliza, akaona aibu kweli, lakini akakuna kichwa. Orodha inakwenda kwa fundi siku inayofuata, akasema, na mwenyekiti wa kamati ya ubao amesisitiza kwamba aliyetoa taarifa ndiye arekebishe. "Mama yako kasema hivi, wewe unasema vile. Karatasi hamna. Mama, na mimi nimwamini nani? Mlete tu bibi athibitishe." Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini alikuwa ananiita mama kwa adabu, na alikuwa na haki.

Basi asubuhi iliyofuata nikampandisha mama bodaboda, mimi nyuma yake nimemkumbatia kama gunia la mbegu. Amevaa kitenge cha kanisani. Njia nzima nilikuwa namwombea amlegeze Mungu moyo, au Mungu amlegeze yeye, yeyote kati yao.

Ofisini binti akasogeza kiti upande wa sikio zima. "Bibi, samahani kwa kosa langu. Naomba unitajie jina kamili la mwanao."

Nje mtu alikuwa anawasha pikipiki isiyowaka. Mama akaushika mkanda wa mkoba wake, na midomo yake ikawa inacheza kidogo, nikaona kwamba anajaribu. Mwanamke wa miaka tisini anajaribu kuvunja kitu alichokishika tangu ana miaka kumi na saba, kwa ajili ya mtoto. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nikamwonea huruma nikasahau hasira zote.

"Muache," nikamwambia binti. "Kwetu hawezi. Jina la mwanawe ni la mkwewe." Nikamweleza.

Binti akatikisa kichwa pole pole. "Kumbe. Basi, mama, si utaje wewe, halafu bibi aitikie kama ndiye? Nitaandika hivyo."

Rahisi namna hiyo. Nikageukia sikio la kulia la mama. Nikafungua mdomo wangu, huu mdomo unaojulikana mpaka Ipyana. Halikutoka kitu. Nikakohoa, nikajaribu tena. Lilikuwepo, nililiona kabisa, lakini kati yake na ulimi palikuwa na njia ile, na buti zile, na mtu anayegeuka anacheka. Nikahesabu haraka nikaona kwamba sijalitamka tangu siku ya zile ndizi. Nikachukua kalamu ya binti, nikaliandika kwenye karatasi.

Binti akalisoma kwa sauti. "Bibi, ndiye?"

Mama akavuta kitenge, akafunika kichwa, akainama pale kitini kama bibi harusi mbele ya mkwewe. Akatikisa kichwa chini. Ndiye. Binti akafuta Tata, akaandika jina la mtu.

Nilitoka nikijiona nimeshinda. Tulikaa kivulini kungoja bodaboda, nikamwambia mama, unaona sasa, limekwisha.

"Yule mtoto kalisoma kama anataja jina la kituo cha basi," akasema. "Si kosa lake." Kisha akasema, "Wewe umeandika."

"Nimeandika, mama."

"Mimi nilikatazwa. Wewe umekatazwa na nani?"

Bodaboda ilikuja, tukapanda.

Siku ya Mashujaa watu walijaa uwanja wa kata. Ubao ulikuwa umefunikwa shuka jeupe, kwaya ikaimba, mchungaji akaomba kwa urefu wake wa kawaida. Nilimketisha mama mbele kabisa, sikio la kulia likielekea spika. Sasa spika ile ilikuwa imekodiwa kwa wapiga disko, na hadi leo sijamsamehe aliyeileta. Ilipiga mluzi, ikanguruma, ikameza nusu ya kila neno. Mtendaji wa kata alisoma haraka, kama mwenye lori linalomsubiri. Jina la kaka likapita. Mimi nililishika kwa sababu nililijua. Mama alikuwa bado ameinua uso, anangoja.

Waliendelea mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Mama akaniinamia. "Bado?"

"Wameshasoma, mama."

"Wameshasoma," akasema, na akapiga makofi na yeye, mara mbili, taratibu, ili asionekane.

Nimewaona watu wakilia kwa sauti siku ile na sikulia nao. Kilichoniuma ni makofi yale mawili. Tulikwenda kwenye ubao, nikauchukua mkono wake nikaupitisha juu ya herufi, akasema, "Ndaga, ndaga fijo," akishukuru wote waliosimama karibu. Hata yule binti wa Singida alikuja akamkumbatia.

Tukarudi nyumbani mchana. Nilipika wali, na samaki aina ya mbasa niliyemnunua asubuhi kwa watu wa Matema. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, pale pale alipokuwa akisimama zamani, uso kuelekea mbugani. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, yamebaki mabua. Nikapakua, nikaweka chini.

"Kamwite mwenzio," akasema.

Nikamtazama. Nikajisemea, basi, uzee umemchukua leo.

"Usinitazame hivyo, nasikia unavyonitazama. Akili ninazo. Najua aliko na najua haji." Akanawa mikono. "Kwani nilikuwa nasimama hapa mlangoni nikisikiliza nini miaka ile yote? Yeye alikuwa anakuja hata akinusa moshi tu. Kamwite."

Nikatoka. Nina miaka sitini na kitu, goti la kulia halikunji, na tuta lile limeliwa na mafuriko likabaki nusu. Nikalipanda. Humu jina sitaliandika, msinilaumu. Nimeshaliandika mara moja, na nikaambiwa. Ya kwanza ilitoka imekatika, ilikuwa zaidi kikohozi kuliko jina. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu niliivuta mpaka pumzi ikaisha, na nilikuwa nalia, na jirani alikuwa amesimama na ndoo yake ananiangalia, na sikumjali. Kule mbugani hakikuinuka kichwa.

Niliporudi mama alikuwa amejifunika kitenge, ameinama vilevile kama ofisini. Kisha akakishusha mabegani, uso umelowa, akavuta sahani.

"Ya kwanza sikuisikia," akasema. "Kesho simama karibu."